Maji Yanakwenda Wapi Wimbi Linapopita? Mwongozo Kamili wa Kufuata Mwendo wa Maji Chini ya Mawimbi

Tupa kipande kidogo cha ubao majini siku ambayo upepo umetulia na hakuna mkondo wa kukichukua, halafu kaa nacho dakika tano. Kilele cha wimbi kinapofika, ubao unapanda na kusogea mbele. Kilele kikishapita, unateremka na kurudi nyuma. Mawimbi kumi yatapita chini yake mbiombio, na ubao utakuwa bado uko karibu palepale ulipouacha. Kilichosafiri ni umbo na nishati. Maji yamebaki, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za mchanga: ndoo inafika mwisho wa mstari, mtu habanduki.

Hilo la juu wengi wanalijua. Kinachosumbua ni cha chini. Mzamiaji aliye mita kumi chini anasukumwa au hasukumwi? Aliye mita thelathini je? Kwa nini mchanga wa sakafuni huvurugika siku ambayo juu kunaonekana shwari, na siku ya machafuko ya upepo ukakuta chini kumetulia kabisa? Watu hujibu kwa kutazama ukubwa wa wimbi. Hapo ndipo wanapopotea. Kimo cha wimbi kinakuambia maji ya juu yanacheza kiasi gani, lakini mchezo huo unafika kina gani ni suala la sekunde. Mwongozo huu utakuonyesha jinsi ya kuhesabu sekunde hizo, jinsi ya kuzigeuza kuwa mita za kina, na jinsi ya kuyaona yote kwa macho ndani ya tangi la kioo.

Hatua ya kwanza: tenganisha kimo, urefu na kipindi

Kiswahili cha kila siku kinatuponza kidogo hapa. Tunasema "mawimbi ya urefu wa mita mbili" tukimaanisha yamesimama mita mbili. Kwenye fizikia, urefu wa wimbi ni umbali wa mlalo kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Kile cha kusimama, kutoka chini ya bonde la wimbi hadi juu ya kilele chake, tukiite kimo. Kipindi ni sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kingine mahali pamoja. Nitatumia H kwa kimo, L kwa urefu, T kwa kipindi, na h ndogo kwa kina cha maji kutoka usoni hadi sakafuni.

Ukichanganya H na L, kila hesabu inayofuata itaharibika, na utaharibikiwa bila kujua.

Hatua ya pili: hesabu sekunde

Chagua kitu kisichohama: nguzo iliyosimikwa, boya lililotiwa nanga, ncha ya mwamba. Kilele kinapokigusa, anzisha saa na useme "sifuri". Si "moja". Kosa la kuanzia moja ndilo la kwanza kwa kila mtu, kwa sababu unaishia na vipindi tisa huku ukidhani ni kumi. Kilele cha kumi kikifika, simamisha saa, gawa kwa kumi. Rudia mara tatu na uchukue wastani.

Bahari halisi ina mawimbi ya kila aina yaliyopandana. Yapo mafupi ya upepo wa palepale, na chini yake yapo marefu yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali, yakaendelea kusafiri siku kadhaa baada ya dhoruba kwisha. Hesabu kila kundi peke yake. Makunyanzi madogo yaache, fuata mapana yanayoinua kila kitu kwa utaratibu. Na usipime ukiwa kwenye chombo kinachotembea. Ukienda ukiyakabili mawimbi, kipindi kinaonekana kifupi kuliko kilivyo. Ukienda nayo, kinarefuka.

Ukiwa na T, na maji yakiwa na kina cha kutosha (nitasema kinatosha lini), urefu wa wimbi unaupata hivi:

L = 1.56 × T × T

Namba 1.56 ni mvutano wa dunia, 9.81, uliogawanywa kwa mara mbili ya pai. Wimbi la sekunde 4 lina urefu wa mita 25. La sekunde 7, mita 76. La sekunde 10, mita 156. La sekunde 14, mita 306. Angalia namna urefu unavyoruka: kipindi kikiongezeka maradufu, urefu unaongezeka mara nne. Kwa hiyo sekunde mbili tatu za ziada, ambazo jicho lisilozoea halizioni, zinabadilisha kabisa habari za chini.

Kasi ya wimbi ni 1.56 × T. Wimbi la sekunde 10 linakwenda mita 15.6 kila sekunde. Sasa linganisha na maji yenyewe. Chembe ya maji usoni inazunguka duara lenye kipenyo sawa na kimo cha wimbi, mara moja kila kipindi, kwa hiyo mwendo wake ni 3.14 × H ÷ T. Wimbi hilo hilo likiwa na kimo cha mita 1, maji yanakwenda mita 0.31 kwa sekunde. Wimbi linayapita maji kwa mara hamsini hivi. Kila ninapomwambia mtu jambo hili hunitazama kwa shaka, halafu huenda kupiga hesabu mwenyewe.

Hatua ya tatu: jua uko wapi ndani ya duara

Usikariri tu kwamba maji yanazunguka. Jua yanaelekea wapi kwa kila sehemu ya wimbi. Chini ya kilele, maji yanakwenda mbele, upande ule ule wimbi linakoelekea. Chini ya bonde, yanarudi nyuma. Kwenye uso wa mbele wa wimbi, yaani kilele kinapokaribia, maji yanapanda. Kwenye mgongo wake, yanashuka.

Ndiyo maana muogeleaji huhisi akivutwa kuelekea kwenye wimbi kabla halijamfikia. Yuko bondeni, na maji ya bondeni yanarudi nyuma kulipokea wimbi linalokuja. Hakuna kitu kinachomvuta kutoka chini.

Kwa nini duara? Fikiria maji yaliyo chini ya uso wa mbele wa wimbi. Nyuma yao kuna kilele, maji yamelundikana, kanieneo (yaani mgandamizo wa maji) ni kikubwa. Mbele yao kuna bonde, kanieneo ni kidogo. Basi yanasukumwa mbele. Msukumo huo unaendelea muda wote kilele kinapokaribia, kwa hiyo kinapofika juu kabisa, maji yamekwisha kusanya mwendo wao mkubwa wa kwenda mbele. Kilele kikipita, mteremko wa kanieneo unageuka, maji yanapunguzwa mwendo, yanasimama, yanaanza kurudi. Unganisha mbele na nyuma huko na kupanda na kushuka, vikiwa vimepishana robo ya kipindi, utapata duara.

Mwaka 1802, Franz Josef Gerstner, akifanya kazi Prague, alitoa maelezo ya kihesabu ya wimbi ambalo kila chembe yake inazunguka duara kamili. Mwaka 1825 ndugu wawili, Ernst Heinrich Weber na Wilhelm Weber, wakachapisha majaribio yao ya kutazama chembe zilizoelea ndani ya hodhi lenye pande za kioo. Kisha katika miaka ya 1840 George Biddell Airy, mkuu wa elimu ya nyota wa Uingereza, akaandika nadharia ambayo wahandisi wa bandari bado wanaianzia hadi leo. Hesabu nyingi za mwongozo huu ni zake, zikiwa zimevuliwa koti.

Hatua ya nne: shuka chini, ukigawa kwa mbili

Hapa ndipo penye utamu. Maduara yanapungua kadiri unavyoshuka, na yanapungua kwa kanuni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila unaposhuka sehemu moja ya tisa ya urefu wa wimbi, kipenyo cha duara kinabaki nusu. Shuka moja ya tisa nyingine, nusu ya nusu. Hakuna haja ya kikokotoo.

Chukua wimbi la sekunde 10, urefu mita 156, kimo mita 2. Moja ya tisa ya 156 ni mita 17 na ushei. Usoni duara lina kipenyo cha mita 2. Kwenye mita 17, mita 1. Kwenye mita 35, nusu mita. Kwenye mita 52, sentimita 25. Ukifika mita 78, ambayo ni nusu ya urefu wa wimbi, limebaki duara la sentimita 9 hivi, kama asilimia 4 ya lile la juu. Ndiyo maana nusu ya urefu wa wimbi huhesabiwa kuwa "mwisho wa wimbi". Si mwisho kweli, ila kilichobaki hakina nguvu ya kutajwa.

Sasa chukua wimbi la sekunde 4 lenye kimo kile kile cha mita 2. Ni wimbi kali, limesimama kwa hasira, linarusha povu. Urefu wake ni mita 25, moja ya tisa ni mita 2.8. Ukishuka mita 12 na nusu tu, umelimaliza. Mzamiaji aliye mita 15 chini yake hatajua lipo. Lakini chini ya lile la sekunde 10, ambalo kutoka juu linaonekana pole, mwenzake aliye kina hicho hicho anayumbishwa zaidi ya mita nzima, mbele na nyuma, kila sekunde kumi.

Kwa nini nguvu inapungua hivyo? Chembe iliyo karibu na uso inakiona kilele kilicho juu yake peke yake. Chembe iliyo mbali chini inaona vilele na mabonde kadhaa kwa pamoja, karibu kwa umbali sawa. Hiki kinasukuma, lile linavuta, vinafutana. Mawimbi mafupi yana vilele na mabonde yaliyokaribiana, kwa hiyo yanafutana mapema. Marefu yanahitaji kina kirefu zaidi kabla hayajafutana.

Meli ya chini ya maji hukwepa dhoruba kwa kanuni hii, ila inapokutana na mawimbi ya sekunde 14, yenye nusu ya urefu ya mita 153, kushuka mita chache hakuisaidii kitu.

Hatua ya tano: jenga tangi uyaone mwenyewe

Unahitaji tangi la kioo au plastiki angavu, refu na jembamba. Mita moja na nusu kwa urefu, sentimita 15 kwa upana na 30 kwa kwenda juu litakufaa. Jembamba ni bora, kwa sababu linakataza mawimbi ya pembeni. Jaza maji hadi sentimita 20.

Upande mmoja weka kibao cha kusukumia, chenye upana unaokaribia wa tangi. Kwa jaribio la maji ya kina kirefu, kibao kiwe na bawaba chini, ili juu kicheze sana na chini kisicheze. Kinaiga maji yenyewe yanavyofanya. Ukisukuma kibao kizima sawasawa juu na chini, unayalazimisha maji ya sakafuni yafanye kazi ambayo wimbi hilo haliyahitaji kuifanya, na utapata mchafuko karibu na kibao.

Upande wa pili weka mteremko uliofunikwa kwa sponji nene au nyuzi za chujio. Usiupuuze mteremko huu. Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili sikuuweka, na nilikaa jioni nzima nikiona chembe zinazokwenda kwenye mstari mnyoofu: sehemu moja zinapanda na kushuka tu, sehemu nyingine zinakwenda kushoto na kulia tu, duara hata moja halikuonekana. Nikadhani vitabu vinaongopa. Kumbe wimbi lilikuwa linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lile linalokuja, na yote mawili yanatengeneza wimbi lililosimama. Katika wimbi lililosimama, maduara hayapo. Chini ya mahali ambapo uso unapanda na kushuka sana, maji yanapanda na kushuka. Chini ya mahali ambapo uso hauchezi, maji yanakwenda mlalo. Ukiona mistari, jua mteremko wako haumezi wimbi vya kutosha.

Sasa mdundo. Unataka wimbi la urefu wa sentimita 30, ili kina chako cha 20 kizidi nusu ya urefu. Kipindi chake ni sekunde 0.44. Fungua programu ya metronomu kwenye simu, iweke midundo 137 kwa dakika, na kila mdundo uwe mzunguko mmoja kamili wa kibao, kwenda na kurudi. Ni haraka kuliko unavyotarajia. Mkono utachoka, mota ndogo ya umeme itakusaidia. Cheza kibao kidogo mpaka kimo kiwe sentimita 2.

Cha kuonyesha mwendo ninachokipenda ni punje ya pamanganeti ya potasiamu. Idondoshe moja tu, katikati ya tangi, maji yakiwa yametulia kabisa. Inazama ikiacha nyuma yake uzi mwembamba wa zambarau, wima, kutoka usoni hadi sakafuni. Subiri sekunde chache, kisha anzisha mawimbi. Uzi unaanza kuyumba kama unyasi: juu unapiga sentimita mbili, ukishuka sentimita tatu na ushei unapiga moja, kwenye sita na nusu unapiga nusu. Chini kabisa umesimama wima, kama haujasikia habari. Kanuni nzima ya hatua ya nne iko mbele yako katika uzi mmoja. Vaa glavu, maana vidole vikiguswa na pamanganeti hubaki na madoa ya kahawia siku kadhaa.

Uzi unakuonyesha kuyumba, lakini maduara yenyewe yanahitaji chembe. Vunja kifuniko kigumu cha polistireni, ile plastiki angavu inayopasuka kama kioo, upate vipande vya milimita moja au mbili. Ni vizito kidogo kuliko maji matamu. Ongeza chumvi polepole, kati ya gramu 60 na 80 kwa lita, mpaka vingine vipande juu na vingine vielee katikati. Kama chumvi yote hiyo inakutisha, tumia maji matamu na upige picha wakati chembe zinazama taratibu. Sekunde tatu zinakupa mizunguko sita.

Weka simu kwenye kiguzo, kioo cha kamera kikiwa sawa na katikati ya maji, si juu ya uso, na irekodi kwa mwendo wa polepole. Rula iwe ndani ya maji kwenye mstari ule ule wa chembe. Ukiibandika nyuma ya tangi, kila kipimo chako kitakuwa na kosa, kwa sababu kilicho nyuma kinaonekana kidogo. Cheza video, simamisha kila hatua, na weka nukta kwenye karatasi ya plastiki uliyoibandika juu ya kioo cha simu. Nukta kumi na mbili zinatosha kuchora duara moja.

Usijaribu kupunguza kila kitu mpaka mawimbi ya sentimita moja au mbili. Urefu ukishuka kufikia sentimita 1.7 hivi, mvutano wa uso wa maji unaanza kuwa na nguvu kuliko uzito wa maji, na kanuni ya 1.56 haifanyi kazi tena.

Hatua ya sita: punguza kina, duara lilale

Nilisema kanuni ya L inahitaji kina cha kutosha. Kinatosha pale h inapokuwa kubwa kuliko nusu ya L. Chini ya hapo, wimbi linaanza kuigusa sakafu. Maji ya sakafuni hayawezi kushuka wala kupanda, hakuna nafasi. Yanaweza kwenda mlalo tu. Kwa hiyo duara linabanwa kutoka chini: linakuwa duaradufu, umbo la yai lililolala, na kadiri unavyoshuka linazidi kuwa jembamba, hadi sakafuni linabaki mstari wa kwenda na kurudi.

Kwenye tangi, mwaga maji mpaka zibaki sentimita 3. Ondoa bawaba, sukuma kibao kizima mbele na nyuma, midundo 53 kwa dakika, kwa upole, kimo kisizidi nusu sentimita. Wimbi litakuwa na urefu wa sentimita 60. Chembe za juu zitapanda nusu sentimita lakini zitakwenda mlalo sentimita 1.6. Na za chini nazo, karibu 1.6. Uzi wa zambarau hauyumbi tena kama unyasi. Unahama mzima mzima, isipokuwa utando mwembamba unaogusa sakafu, ambao msuguano umeushika.

Kwenye bahari halisi sehemu ya katikati, ambako h iko kati ya nusu ya L na moja ya ishirini ya L, ndiyo yenye kazi. Hapa utahitaji vitufe viwili vya kikokotoo ambavyo watu wengi hawajawahi kuvigusa: tanh na sinh. Laza simu, utaviona. Tuseme wimbi la sekunde 10 limefika penye kina cha mita 10.

Anza na urefu wa maji ya kina kirefu: 156. Zidisha kina kwa 6.28, upate 62.8, gawa kwa 156: 0.40. Bonyeza tanh, upate 0.38, tafuta kipeuo chake cha pili, 0.62. Zidisha kwa 156: mita 96. Hilo ni kadirio la kwanza. Lirekebishe mara moja: 62.8 gawa kwa 96, tanh ya jibu, mara 156, unapata karibu 90. Chukua katikati ya 96 na 90, yaani 93. Kurekebisha mara ya pili hakuongezi kitu cha maana. Wimbi lililokuwa na mita 156 limefupika hadi 93, huku kipindi kikiwa kile kile sekunde 10. Kipindi hakibadiliki wimbi linapokaribia nchi kavu. Kwa hiyo ukikipima mahali pamoja, kinakufaa safari nzima.

Sasa sakafuni. 62.8 gawa kwa 93 ni 0.675. Sinh yake ni 0.73. Umbali wote ambao maji ya sakafuni yanakwenda na kurudi ni H gawa kwa namba hiyo. Kimo kikiwa mita 1, ni karibu mita 1.4. Zidisha kwa 3.14, gawa kwa sekunde 10: mwendo wa juu kabisa ni mita 0.43 kwa sekunde. Hapo mchanga laini hauwezi kukaa.

Piga hesabu hiyo hiyo kwa wimbi la sekunde 4, kimo mita 1, kina kile kile cha mita 10. Maji ya sakafuni yanacheza sentimita 16 tu, kwa mwendo wa sentimita 12 kwa sekunde. Kimo ni kimoja, sakafu ni moja, tofauti ni sekunde sita.

Kina kikipungua kuliko moja ya ishirini ya L, tupa vitufe. Kasi ya wimbi ni kipeuo cha pili cha 9.81 × h, na maji yanakwenda mlalo karibu sawasawa kutoka juu hadi chini. Halafu, kimo kinapokaribia asilimia 78 ya kina, wimbi linavunjika. Kuanzia hapo usitumie lolote nililoandika. Hakuna maduara ndani ya povu. Maji sasa yanasafiri kweli pamoja na wimbi, na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Hatua ya saba: angalia duara lisilofunga

Rudia video ya maji ya kina kirefu na ufuate chembe moja ya juu kwa mizunguko mitano. Utagundua hairudi pale ilipoanzia. Kila mzunguko umesogea mbele kidogo. Kwenye tangi letu la sentimita 30, na kimo cha 2, hesabu inatoa sentimita 1.3 kila wimbi, ingawa kwa kuwa tangi limefungwa pande zote, maji lazima yarudi kwa njia nyingine, na unachokiona kitatofautiana kidogo.

George Gabriel Stokes alieleza sababu mwaka 1847. Chembe inapokuwa juu ya duara lake, ikienda mbele, iko karibu na uso ambako mwendo ni mkubwa. Inapokuwa chini ya duara, ikirudi, iko kina zaidi ambako mwendo umepungua. Tena, inapokwenda mbele inafuatana na kilele, kwa hiyo inakaa nacho muda mrefu kidogo kuliko inavyokaa na bonde. Faida hizo mbili ndogo zinajumlishwa kila wimbi.

Kasi ya kusogea huko usoni ni hii: 3.14 × H ÷ L, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa kasi ya wimbi. Wimbi la kimo cha mita 1 na kipindi cha sekunde 10 linatoa sentimita 0.6 kwa sekunde, kama mita 23 kwa saa. La kimo hicho hicho na kipindi cha sekunde 4 linatoa karibu sentimita 10 kwa sekunde, zaidi ya mita 350 kwa saa. Hapa mambo yamegeuka: wimbi fupi ndilo linalobeba takataka, mafuta na mtu aliyeanguka majini. Lakini ni kwa utando wa juu tu, kwa sababu kusogea huku kunapungua nusu kila moja ya kumi na nane ya L, mara mbili haraka kuliko duara lenyewe. Ubao wetu wa mwanzo haukuwa palepale kabisa, basi.

Hatua ya nane, kwa wenye kipimo cha kanieneo

Ukitega kipimo cha kanieneo sakafuni ili kikusomee mawimbi, kumbuka kwamba nacho kinaona kilichopunguzwa. Gawa 1 kwa cosh (kitufe kingine cha kikokotoo, jirani wa tanh na sinh) ya ile namba yetu ya 0.675 na utapata 0.81: wimbi la sekunde 10 lenye mita 1, kwenye kina cha mita 10, kipimo kitalisoma kama sentimita 81. La sekunde 4 kitalisoma kama sentimita 16. Kila kipindi kina kirekebishi chake. Ukizidisha data yote kwa namba moja, utakuza kelele na kupunguza ukweli. Mawimbi mafupi sana usiyatafute kabisa kwa kipimo cha chini, hayakufika huko.

Wimbi ambalo kina hakiliwezi

Baada ya hayo yote, jaribu kanuni ya nusu ya L kwenye tsunami. Urefu wake baharini unaweza kufika kilomita 200. Kina cha bahari kuu ni kama kilomita 4. Nne kwa mia mbili ni moja ya hamsini, kwa hiyo kwa wimbi hilo bahari kuu ni dimbwi. Kasi yake ni kipeuo cha pili cha 9.81 × 4000: mita 198 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Ile ya tarehe 26 Desemba 2004 katika Bahari ya Hindi, setilaiti iliyopita juu yake saa chache baadaye ilikuta uso umeinuka kama nusu mita tu, na meli iliyokuwa katikati ya bahari isingeitambua. Maji ya usoni ya wimbi kama hilo yanakwenda sentimita chache tu kwa sekunde. Ila shuka mita 100, bado yanakwenda hivyo. Shuka 1000, vivyo hivyo. Yaliyo kilomita nne chini, kwenye giza, juu kidogo ya tope la sakafu, nayo yanasogea kwa mwendo huo huo, upande huo huo, kwa wakati mmoja na yale ya juu.